Piga Hodi: Je, Uzuri Alioumba Mungu Una Mwenyewe?



Wapendwa vijana, leo naomba tutafakari swali moja, tena polepole. Kitu alichokiumba Mungu, ambacho hakuna binadamu aliyekitengeneza, mtu anawezaje kusimama mbele yake na kusema, "Hapa huingii bila ruhusa yangu"? Mlima, ufukwe, maporomoko ya maji: nani aliyempa mtu funguo za vitu hivyo?

Linaonekana kama swali la darasani, la sisi tuliokaa miaka mitatu tukisoma falsafa wakati wenzetu wanajenga nyumba. Lakini kwa sababu ya majibu ya swali hili, watu wamefukuzwa kwenye ardhi ya babu zao, na wengine wamefungiwa mipaka walipokuwa wanakimbia kifo. Mimi nilikutana nalo chini ya korongo la jangwani huko Arizona, Marekani, nikiwa na vijana wanane wa parokia wanaozungumza Kiswahili. Wengi wao ni watoto wa familia za Kikongo zilizopokelewa kule kama wakimbizi. Walitaka kwenda kulala porini siku chache, kutembea, kusali na kuona maporomoko, na wakaniomba niwasindikize.

Maji jangwani

Pengine umeshapaona mahali penyewe kwenye simu yako bila kujua jina. Ni yale maporomoko ya maji ya bluu-kijani yanayoshuka kwenye mwamba mwekundu, picha ambayo watu huwa wanauliza, "Hii si imepakwa rangi?" Yanaitwa Havasu Falls. Yana urefu wa mita 30 hivi na yako kwenye bonde linaloungana na Grand Canyon. Mbele kidogo yako mengine, Mooney Falls, yenye urefu wa karibu mita 60. Ili uyafikie kwa chini, unapita kwenye matundu yaliyotobolewa kwenye mwamba, halafu unashuka kwa minyororo na ngazi zilizolowa. Hapo hata vijana wenye maneno mengi huwa wananyamaza na kusali Salamu Maria.

Rangi ile haikupakwa. Maji yanatoka ardhini yakiwa yamebeba chokaa nyingi iliyoyeyuka kutoka kwenye miamba. Chokaa hiyo huganda kidogo kidogo na kujenga kingo za mawe, na maji yanajaa nyuma ya kingo hizo kama mabwawa madogo. Juu ni jangwa, jiwe na vumbi. Chini kuna kijito ambacho joto lake halibadiliki sana mwaka mzima, nyuzi 21 hivi. Ukilifika bonde hilo baada ya kutembea saa nyingi kwenye ukame, unaielewa habari ya Musa na mwamba katika Kutoka 17 kwa miguu yako kabla hujaielewa kwa akili.

Gari linaishia juu ya genge, mahali panapoitwa Hualapai Hilltop. Kuanzia hapo ni miguu, nyumbu au helikopta. (Nasema nyumbu wa kubeba mizigo, wale mama zao farasi na baba zao punda, siyo wale wa Serengeti.) Ni kama kilomita 13 hadi kijiji cha Supai, na nyingine 3 hadi sehemu ya kupiga kambi. Tulianza saa tisa usiku ili tulikimbie jua, kila mtu na begi lake mgongoni: hema, maji, chakula, na rozari mfukoni.

Sasa, mahali pale pana wenyewe. Ni ardhi ya Wahavasupai, na jina lao maana yake ni watu wa maji ya bluu-kijani. Mamia machache wanaishi Supai, kijiji kisichofikiwa na barabara ya magari, ambacho hadi leo barua zake za posta zinashushwa kwa nyumbu. Huwezi kwenda pale bila kibali chao. Kibali chetu cha kupiga kambi kilikuwa cha usiku tatu, na kila mtu alilipiwa zaidi ya dola 400. Pombe hairuhusiwi. Wageni wanaombwa wasiwapige picha wenyeji wala makazi yao. Takataka zako unaondoka nazo.

Usiku wa pili, tukiwa tumemaliza rozari, kijana mmoja akauliza, tena kwa nia njema kabisa: "Frateri, hivi haya maporomoko si kaumba Mungu? Sasa hawa wanatulipisha nini? Na wangesema tusiingie, wangekuwa na haki gani?"

Hoja yake ina nguvu

Tusimcheke. Hoja yake ni ya Kikatoliki kuliko yeye mwenyewe alivyodhani. Zaburi ya 24 inaanza kwa kutangaza kwamba dunia na vyote vilivyomo ni mali ya Bwana. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2402, inafundisha kwamba tangu mwanzo Mungu aliikabidhi dunia na mali zake kwa wanadamu wote kwa pamoja. Namba inayofuata inasema kwamba haki ya mtu kumiliki mali yake haiifuti zawadi hiyo ya kwanza. Papa Fransisko alilirudia fundisho hilo mwaka 2015 katika waraka wake Laudato Si', namba 93.

Kwa hiyo ukimwambia kijana yule, "Nyamaza, ni mali yao, basi," hujamjibu. Imani yetu haisemi kwamba mwenye hati ndiye mwisho wa maneno. Tajiri anayezungushia ukuta chemchemi pekee ya kijiji hawezi kujificha nyuma ya hati yake mbele ya Mungu.

Lakini kuna jambo lingine ambalo kijana yule hakulijua. Hoja yake ilishawahi kutumika palepale, dhidi ya watu walewale.

Zamani Wahavasupai walikuwa wakilima mahindi, maharage na maboga bondeni msimu wa joto. Msimu wa baridi walipanda juu uwandani kuwinda na kukusanya chakula. Mwaka 1882 Rais Chester Arthur alisaini amri iliyowaachia ekari 518 tu, huko chini bondeni. Mwaka 1919 Grand Canyon ikawa hifadhi ya taifa, na hifadhi ya taifa kwa maana yake ni mahali palipotengwa ili watu wote wapafurahie. Mwaka 1928 Wahavasupai wa mwisho waliokuwa wanalima kwenye chemchemi moja ndani ya hifadhi hiyo, mahali palipoitwa Indian Garden, waliondolewa. Ilipita zaidi ya miaka 90 tangu ile amri ya 1882 ndipo sheria ya mwaka 1975 ikawarudishia ekari kama 185,000. Na ile chemchemi, mwaka 2022 ndipo ilipopewa jina la Havasupai Gardens.

Unaona? Walioondolewa hawakuambiwa kwamba uzuri ule ni wa tajiri fulani. Uliitwa wa watu wote. Tatizo ni kwamba kwenye hesabu ya "watu wote" wao walisahauliwa. Sisi tuliotoka Afrika Mashariki hatuhitaji kwenda Arizona kulijua hilo. Serengeti ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959 Wamasai waliokuwa wakiishi humo walihamishiwa Ngorongoro. Neno "wote" ni zuri sana, lakini ukilisikia, uliza kwanza nani hayumo.

Kutumia na kusimamia

Mtakatifu Thoma wa Akwino ananisaidia hapa. Katika Summa Theologiae, sehemu ile anapozungumzia wizi, anatenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya. La kwanza ni kukitunza kitu na kukigawa. Hapo Thoma anasema ni halali, tena inafaa, mtu au watu fulani wakikimiliki. Sababu zake ni za kawaida kabisa: kila mtu hujali zaidi kilicho chake, mambo huenda kwa utaratibu, na ugomvi hupungua. La pili ni kukitumia. Hapo anasema mwenye kitu asikishike kana kwamba ni chake peke yake. Awe tayari kumshirikisha mwenye shida.

Kwa maneno yetu: kitu cha Mungu kinaweza kuwa na mlinzi wake wa haki, na mlinzi huyo akawa na wajibu wa kukarimu. Hizo mbili hazipigani. Mama anayeshika mwiko jikoni hajasema chakula ni chake peke yake. Lakini mtoto anayeingiza mkono sufuriani kwa sababu "chakula ni cha familia" atapigwa mwiko huohuo, na hakuna atakayemhurumia.

Thoma anakwenda mbali zaidi. Anasema mtu aliye katika shida kubwa ya dhahiri, ambaye hana njia nyingine ya kupona, akichukua cha mwenzake ili aishi, huyo hajaiba. Kiu inayoua haisubiri kibali.

Immanuel Kant, ambaye pengine angeshangaa kujikuta kwenye tafakari ya frateri, alifika karibu na hapo kwa njia nyingine. Katika kitabu chake kidogo cha mwaka 1795 juu ya amani ya kudumu, anasema hapo mwanzo hakuna mtu aliyekuwa na haki kuliko mwenzake ya kuwa mahali fulani duniani. Kwa hiyo kila mtu anayo haki ya kufika kwa wengine bila kutendewa kama adui. Lakini ni haki ya kujitokeza mlangoni tu. Siyo haki ya kufanywa mwenyeji. Mwenye nyumba anaweza kumkatalia, isipokuwa pale ambapo kumkatalia ni kumwangamiza. Na Kant aliwashutumu wazi watu wa Ulaya wa wakati wake, ambao kwao kutembelea nchi na kuiteka lilikuwa jambo moja.

Wote wawili, kila mmoja kwa njia yake, wanatufikisha kwenye swali lilelile: huyu anayetaka kuingia, anataka nini? Anakimbia kifo, au anatembea?

Aliyetusaidia usiku ule

Nilianza kumweleza kijana yule habari za Thoma. Nilipofika katikati, dada mmoja wa kwaya, aliyezaliwa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, akacheka peke yake. Tukamuuliza unacheka nini.

Akasema, "Mama yangu aliposikia tunalipa pesa tukalale kwenye hema, aliniuliza mara mbili. Halafu akasema, 'Kumbe miaka yote ile Nyarugusu tulikuwa tunatalii na hatujui.'"

Tulicheka wote. Kisha akaendelea, na hapo hakuna aliyecheka tena.

"Kambini tulipata wageni wengi. Wengine walileta mahindi, wengine walileta kamera. Ambao siwasahau ni wale wachache waliosimama nje ya nyumba yetu na kusema hodi. Nyumba yenyewe ya udongo, mlango ni pazia, mtu anamwona mama ndani kabisa. Lakini walisema hodi, wakangoja mama aseme karibu. Mama siku hiyo alipika chai, na sukari hatukuwa nayo, alikwenda kukopa."

Kijana yule akamuuliza, "Sasa na nyie mlivyoingia Tanzania, mlipiga hodi?"

Akamjibu, "Sisi tulikuwa tunakufa. Anayekufa anaingia kwanza, hodi anapiga akiwa ndani. Wewe hapa nani anakuua?"

Jamani, nimesoma vitabu kadhaa juu ya ukarimu na mipaka. Sijaona palipogawanywa vizuri kuliko pale. Fundisho la Kanisa kwamba dunia ni ya wote lina uzito wake wote pale linaposemwa kwa ajili ya mwenye kiu, mwenye njaa, anayekimbia risasi. Kwa ajili ya mtalii, linabaki kuwa kweli, lakini linasema kwa sauti ya chini: linamwomba mwenyeji awe mkarimu, halimpi mgeni ruhusa ya kuvunja mlango. Na dunia yetu mara nyingi inafanya kinyume. Mwenye dola na kamera anafunguliwa malango kila nchi. Aliyebeba mtoto mgongoni anaambiwa asubiri, alete karatasi, arudi alikotoka. Tunalipindua fundisho, halafu tunashangaa kwa nini halina ladha.

"Lakini na roho ina njaa yake"

Nasikia mtu akisema: Frateri, uzuri nao ni hitaji. Mtu haishi kwa ugali tu. Kijana aliyezaliwa mjini, anayeona matofali na bango la matangazo kuanzia asubuhi hadi usiku, roho yake ina kiu ya kweli.

Ni sahihi, na nisingependa Mkatoliki yeyote alikane hilo. Tunamwita Mungu mzuri, siyo mwema tu, na viumbe vinatupandisha kwake. Lakini roho inahitaji uzuri. Haihitaji maporomoko haya, wiki hii, pamoja na picha yangu mbele yake. Mungu hakuwa bahili kiasi hicho. Uzuri wake upo kwenye jua likizama nyuma ya mgomba na kwenye sura ya bibi akisali. Nikisema "lazima nione pale," pengine siyo roho inayozungumza. Ni kile kidudu kinachotaka kuonekana kilionekana pale.

Tena, uzuri uliochukuliwa kwa nguvu hubadilika mkononi. Zawadi ukiipokonya, umepata kitu, lakini zawadi umeikosa.

Hoja nyingine ni nzito zaidi, nayo ni bei. Dola 400 na zaidi ni nyingi. Vijana wetu wasingefika pale kama familia moja ya parokia isingelipia kundi zima. Je, hapo "dunia ya wote" haijawa dunia ya wenye kadi ya benki? Sina jibu linaloimaliza hoja hii. Naweza kusema kwamba utalii ndio unaolisha sehemu kubwa ya maisha ya kijiji kile, mahali ambapo mchele na dawa vinashuka kwa nyumbu au helikopta. Naweza kusema pia kwamba watu walionyang'anywa uwanda wao wa kuwinda hawakuachiwa njia nyingi za kuishi. Hayo ni kweli. Lakini maskini bado anabaki juu ya genge. Nadhani jambo la haki kwa aliyefika ni kuliona hilo kama deni, kama ambavyo ile familia ya parokia ililiona. Ukipata, mbebe mwingine. Na kama huwezi kumbeba hadi Arizona, kuna kijito karibu na kwenu ambacho watoto wa jirani hawajawahi kupelekwa.

Bwana wa maji aliomba maji

Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema "maji haya niliyaumba mimi," ni Yesu. Hebu tufungue Yohane sura ya 4. Ni saa sita mchana, amechoka na safari, ana kiu. Amekaa kwenye kisima cha Yakobo, katika nchi ya Wasamaria, watu ambao Wayahudi hawachangamani nao. Hana ndoo. Anakuja mwanamke Msamaria, na yule ambaye kwa yeye vitu vyote viliumbwa anamwomba ampe maji anywe.

Anaomba! Tena alikuwa na kiu ya kweli. Angekuwa na sababu nzuri kuliko sisi. Lakini aliingia kwenye kisima cha wengine kwa mlango wa mgeni, akijiweka chini ya ukarimu wa mwanamke ambaye wengi wasingemsalimia. Na kwa kuomba kwake ndipo mazungumzo yakaanza, na mazungumzo yakazaa imani, na mwisho wa habari Wasamaria wenyewe wakamsihi akae kwao, naye akakaa siku mbili. Angechota kwa nguvu, angepata maji na angewakosa watu.

Ndiyo maana nadhani kupiga hodi ni zaidi ya adabu nzuri tuliyofundishwa na bibi. Ni namna ya kusema ukweli juu ya dunia. Katika Walawi 25:23 Mungu anawaambia Waisraeli kwamba nchi ni yake, na wao wenyewe ni wageni tu kwake. Kwa hiyo hata mwenyeji ni mgeni aliyetangulia kufika. Mimi ninapopiga hodi kwa Mhavasupai, siungami kwamba yeye ni muumba wa maji yale. Naungama kwamba mimi siye, na kwamba zawadi ya Mungu kwa kawaida hunifikia kupitia mikono ya mtu fulani, mwenye jina, mwenye kijiji, mwenye makaburi ya wazee wake. Papa Fransisko, katika waraka uleule, namba 146, anasema kwamba kwa jamii za asili ardhi si bidhaa, ni zawadi ya Mungu na ya wahenga waliopumzika humo. Haipingi namba 93; anatuonyesha mlango wa kuingilia.

Na hodi ya kweli inakubali kwamba jibu linaweza kuwa hapana. Kwetu mtu akipiga hodi mara tatu pasipo jibu, anarudi zake bila kununa. Wakati wa korona Wahavasupai walifunga njia ya wageni tangu Machi 2020 hadi Februari 2023. Tunasema "mgeni njoo, mwenyeji apone." Kuna wakati mwenyeji anapona kwa mgeni kutokuja.

Kwa safari yako ijayo

Likizo zinakuja, na wengi mtasafiri: Lushoto, Materuni, Zanzibar, au mbali zaidi. Nina mapendekezo machache tu.

Kabla ya kufika, jua pale ni kwa nani. Jifunze jina la watu kabla ya kujifunza angle ya picha. Ukifika, salimia watu kabla hujayasalimia maporomoko. Picha ya mtu omba, na ukikataliwa shukuru. Takataka zako zibebe hadi nyumbani. Aliyekula ndizi ndiye mwenye ganda. Kumbuka pia msemo wetu, "mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Kibali chetu cha Supai kilikuwa cha usiku tatu, kwa hiyo siku ya jembe ilitukuta tuko palepale. Kuna kazi ambayo mgeni anaweza kufanya hata porini: kuokota chupa ambayo si yake, kumbebea mzee mzigo, kuwaombea wenyeji kwa majina yao badala ya kuwaombea "watu wote" kwa jumla.

Na ukiwa na kura, sauti au kalamu, ile nguvu unayoitumia kudai uingie hifadhini, itumie kwanza kwa ajili ya yule anayeomba kuingia ili asife.

Haya yote tunayafanyia mazoezi kila Dominika pasipo kujua. Kabla ya kukomunika tunakiri kwamba hatustahili Bwana aingie kwetu, na tunangoja neno lake. Upande wa pili, Ufunuo 3:20 unatuonyesha Bwana huyohuyo akiwa amesimama nje ya mlango wetu, anabisha. Mwenye mbingu na dunia, ambaye angeweza kuingia roho yangu kama anavyoingia mwenye nyumba, anapiga hodi na kungoja nimwambie karibu.

Kama Yeye anapiga hodi, mimi ni nani nisipige?

Swali la kubaki nalo wiki hii: ni mlango gani ambao nimezoea kuingia bila hodi, nikidhani ni haki yangu? Inaweza kuwa ardhi ya watu, inaweza kuwa simu ya mdogo wako, inaweza kuwa moyo wa mtu.

Ee Bwana, uliyeomba maji kwenye kisima cha wengine, utufundishe kuomba. Utupe macho ya kuuona uzuri wako na miguu inayosimama mlangoni. Wafungulie wanaobisha kwa sababu wanakufa, na utufanye sisi tuwe mikono inayofungua. Amina.

Tuombeane.